Siku Niliyombatiza Koko

Bibi yangu, mama yake baba, alijifunza dini kwenye kinu. Kwetu, kwenye barabara ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare, mjukuu humwita bibi yake Koko, nami sikumwita kwa jina jingine. Hakuwahi kukaa shuleni hata siku moja, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Lakini mikono yake ilijua kutwanga, na kila kitu alichokishika kichwani kilipitia kwanza mikononi.

Mimi nilikuwa nimesoma miaka michache katika shule ya misioni, na ndimi niliyemfundisha. Saa za jioni tulisimama pande mbili za kinu, kila mmoja na mchi wake, mpunga katikati. Mchi wake ukishuka, tu!, anauliza. Mchi wangu ukishuka, najibu.

"Mungu iko wangapi?"

Tu.

"Ni mmoja, Koko."

Tu.

"Amekuumba kwa nini?"

Tu.

Tulikwenda hivyo mpaka maganda yakaachana na mchele. Kesho yake tulibadilishana, mimi nikauliza na yeye akajibu. Akikosea, hakusema amekosea. Alisema mchi umeteleza, tukarudia.

Kutwanga kwetu ni kazi ya wanawake, lakini mama alizaa wavulana tu, na Koko hakuweza tena kutwanga peke yake. Wasichana waliotoka kuteka maji walipita karibu nasi na mitungi yao kichwani, wakapaza sauti.

"Bibi arusi! Utaolewa lini?"

Mimi niliinamisha kichwa. Koko ndiye aliyewajibu.

"Huyu iko mume wangu! Mimi niko na mume wa kunitwangia. Nyinyi mutaolewa na wavivu."

Bibi kumwita mjukuu wake wa kiume mume ni utani wa kwetu wa siku zote. Wazee wote hufanya hivyo na hakuna anayeushangaa. Lakini Koko aliupenda utani huo kuliko wazee wengine, labda kwa sababu aliona kwamba mimi sikuwa na wengi wa kucheka nao.

Nikiwa mbele ya watu, mdomo wangu hufungika. Tangu utoto niko hivyo. Si kwamba sijui la kusema. Neno linakuja vizuri, linafika kwenye meno, linasimama pale. Mwalimu alidhani mimi ni mkaidi, wenzangu walidhani ni mjinga. Na ndani yangu palikuwa na kelele isiyokoma, kama shamba la mpunga linapoingiliwa na ndege. Hata nikiwa peke yangu porini, nilikuwa kama mtu anayengoja kuitwa jina lake na kuulizwa jambo.

Mwaka mmoja tulikwenda Kasongo, Koko na mimi, kuulizwa na Padri kabla ya ubatizo. Shingoni tulivaa medali zetu za wanafunzi wa dini. Padri alikaa kwenye baraza ya nyumba ya matofali, ndevu zake kifuani, kiko cha tumbaku mkononi, na katekista wa kijiji chetu amesimama kando yake. Koko alitangulia. Kwa kila swali aligonga fimbo yake kwenye sakafu ya saruji, kisha akajibu. Hakukosa hata moja. Padri alifurahi mpaka kiko kikazimika.

Ikawa zamu yangu.

"Mgonjwa yuko karibu kufa," Padri aliniuliza, "na padri yuko mbali. Nani anaweza kumbatiza?"

Nilijua. Mtu yeyote anaweza, mwanamume au mwanamke, hata asiyebatizwa, mradi anataka kufanya kile Kanisa linachotaka. Anammwagia maji kichwani, maji yatembee juu ya ngozi, na wakati huohuo anasema maneno. Nilikuwa nimemjibu Koko swali hilo kwenye kinu, sijui mara ngapi. Sasa jibu lote lilisimama nyuma ya meno yangu, nami nikaangalia viatu vya Padri.

Alingoja. Hakuwa mtu mkali. Alingoja muda mrefu kuliko mwalimu yeyote aliyewahi kuningoja, kisha akasema taratibu, "Rudi nyumbani, mwanangu. Jifunze tena. Tutaonana mwaka kesho."

Koko aliokota fimbo yake.

"Na mimi narudi," alisema.

"Hapana, Mama, wewe umefaulu. Wewe utabaki hapa misioni na wenzako, Pasaka utabatizwa."

"Nitakuja na mume wangu."

"Mume wako? Mbona sijamwona? Yuko wapi?"

"Si huyu uliyemfukuza!"

Watu wote barazani walicheka. Katekista alikuwa na kazi ya kumweleza Padri utani wetu, na Padri akacheka wa mwisho. Lakini Koko hakuwa anatania. Alishuka ngazi, akashika njia, nami nikamfuata.

Njiani nilimwambia, "Koko, ungebaki."

"Nibaki na nani?"

"Ukifa kabla, je?"

"Nitakufaje na mpunga bado shambani? Tembea." Tulikwenda kidogo, akaongeza, "Na nikiingia mbinguni peke yangu, nitaongea na nani huko? Wazungu watupu."

Nilicheka, lakini lile swali nililomwuliza halikunitoka. Tangu siku ile kelele ya ndani yangu ilipata maneno. Ilisema: akifa bila maji, ni kwa sababu alikungoja wewe.

Pasaka ikapita bila sisi. Wenzetu wote wa kijijini waliojifunza dini walikuwa bado Kasongo wakingoja mvua zipungue, kwa hiyo nyumbani tuliojua mambo haya tulikuwa katekista, Koko na mimi. Katika mvua za mwisho Koko alinyeshewa kwenye shamba la pamba, ile pamba ya lazima ya Serikali ambayo hata wazee walitoka kuisaidia ili nyumba isipate matata. Akashikwa na kichomi. Baba alikuwa mbali, kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila, hivyo mwenye nyumba alikuwa kaka yake, baba mkubwa. Yeye ndiye aliyembeba mama yake mgongoni kutoka shambani, katika matope, na hakukubali mtu ampokee.

Katekista alipomwona mgonjwa, alipanda baiskeli kwenda Kasongo kumwita Padri. Wakati ule sote tulidhani Padri atafika Koko akiwa bado anaongea na kukaa. Lakini mvua ilikataa kukatika. Mtu aliyetoka upande ule alisema mto umeondoa magogo ya daraja na hakuna anayevuka.

Mchana mmoja pumzi ya Koko ikawa fupi. Nyumbani tulikuwa mama, baba mkubwa, mimi, na jirani yetu mzee. Jirani huyu alikuwa Mwislamu, wazee wake walitoka Nyangwe. Yeye na Koko walikuwa marafiki tangu usichana wao, tangu siku za kupeana chumvi kwa mawese. Tangu asubuhi hakuondoka karibu na mkeka wa mgonjwa. Saa ya sala ilipofika, alitawadha chini ya paa na birika lake la bati, akaswali kwenye kona, akarudi kukaa.

Koko alifungua macho.

"Mume wangu."

"Niko hapa, Koko."

"Padri amefika?"

"Bado."

Alipumua kidogo kidogo, akikusanya nguvu.

"Basi wewe. Nibatize."

Baba mkubwa alisimama.

"Hapana. Maji yale hayaingii hapa."

"Mama mwenyewe ameomba, shemeji," mama alisema.

"Mama ni mgonjwa, hajui anachoomba. Mumesahau? Mke wa mwindaji alimwagiwa, jogoo hakuwika, amekwenda. Mutoto wa mfinyanzi alimwagiwa, tulimzika kesho yake. Mutu anamwagiwa, mutu anakufa! Mimi nataka mama yangu."

Alishika chungu cha maji kilichokuwa karibu na mlango, akakipeleka nje mwenyewe, akakimwaga mvuani. Akarudi, akachukua na kibuyu.

Lazima niseme kwamba hakuwa peke yake. Nusu ya kijiji iliamini hivyo. Watu walimwita katekista pumzi ikiwa imebaki ya mwisho, kwa hiyo kila aliyemwagiwa maji alikufa. Na kwa kuwa kila aliyemwagiwa alikufa, waliogopa kumwita mapema. Nilitaka kumwambia hivyo baba mkubwa. Nilitaka kumwambia kwamba watu wale walikuwa wanakufa tayari. Maneno yalifika, yakasimama palepale yaliposimama mbele ya Padri.

Jirani yetu alinyoosha miguu yake.

"Mwanangu," alimwambia baba mkubwa, "mimi najimwagia maji kila siku mara tano, tangu mama yako na mimi tuko wasichana. Naonekana nimekufa?"

"Yako ni mengine, Mama."

"Mengine namna gani? Mimi nateka kijitoni. Wewe unateka wapi?"

Mama aligeuza uso, nadhani alificha kicheko, hata siku ile. Baba mkubwa akaninyooshea mimi kidole.

"Na nani atasema hayo maneno? Huyu? Huyu hata salamu yangu hajibu!"

Ilikuwa kweli. Kila asubuhi alinisalimu, nami nilijibu kwa kuinama tu.

Jirani aliinama. Alishika birika lake, likiwa bado na maji, akalisukuma juu ya mkeka mpaka likagusa goti langu. Hakuna aliyekuwa amekumbuka birika.

Nililichukua. Bati liligongana na medali yangu. Baba mkubwa alikuwa mlangoni, hatua ndogo tu kutoka kwangu. Angeweza kuninyang'anya.

"Akifa," alisema, "nitawaambia watu wote ni wewe."

Nilisogeza birika juu ya kichwa cha Koko. Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Nikajaribu tena. Nilisikia mvua juu ya majani ya paa, nikasikia pumzi ya Koko ikikwaruza, nikaona kwamba inaweza kukatika wakati mimi nimeinama hapa na maji mkononi na mdomo wazi kama samaki.

Ndipo mkono wake ulipotoka chini ya shuka. Ulitafuta, ukalipata goti langu. Akaligonga kwa kiganja. Tu. Akangoja. Tu. Ulikuwa mkono usio na nguvu, lakini ule ulikuwa mwendo wa mchi wake kabisa, na baada ya pigo lake palikuwa na nafasi tupu, ile ninayoijua, nafasi ya mchi wangu kushuka.

"Mimi nakubatiza," nilisema.

Tu.

"Kwa jina la Baba."

Tu.

"Na la Mwana."

Tu.

"Na la Roho Mtakatifu."

Maji yalipita kwenye mvi zake, yakazunguka sikio, yakaingia kwenye mkeka. Sauti niliyoisikia ilikuwa kubwa, imejaa nyumba, na ilinichukua muda kujua kwamba ni yangu.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu, na sijui kama nitaliweza. Kuna wakati wa jioni kijiji kizima kinapotwanga, kila ua na kinu chake, na sikio linazoea mpaka halisikii tena. Kisha kwa bahati michi yote inasimama mara moja. Ndipo unaposhtuka na kujua kwamba ulikuwa ndani ya kelele. Kwangu ilikuwa hivyo. Kelele ile niliyozaliwa nayo, au niliyodhani nimezaliwa nayo, ilisimama. Niliketi na birika tupu mkononi, nikasikiliza ndani yangu, na ndani palikuwa kimya. Hapakuwa patupu. Palikuwa kama ndani ya nyumba ambamo mtu unayemheshimu sana ameingia na kukaa, na bado hajasema neno, na hakuna haja aseme.

Niliogopa kusogea. Haikuwa hofu ya zamani. Nilikuwa kama mtu aliyetuliwa na ndege mkononi mwake.

Na tazama, bado sikujua kama Koko ataishi. Hili ndilo ninalolishangaa hata leo. Pumzi yake ilikuwa ileile, fupi. Baba mkubwa alikuwa palepale na maneno yake mabaya. Hakuna kilichobadilika nyumbani mwetu ila mkeka uliolowa, na mimi nilikuwa na amani. Nilimtazama baba mkubwa usoni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikaona mtu mzima anayeogopa kubaki bila mama. Nikamhurumia.

"Kaa, Baba mkubwa," nilimwambia.

Alinitazama kama mtu aliyesikia mbuzi akisema. Akakaa. Alikaa kizingitini, mgongo kwetu, akiangalia mvua, na hakugeuka, kwa sababu hakutaka kuona.

Koko alilala. Mama alisogea mara kwa mara akaweka sikio kwenye kifua chake. Jirani yetu aliswali tena, akarudi kukaa. Giza lilipoingia nami nililala, nimeketi hivyohivyo, usingizi mzito ambao sikuwa nao tangu tulipotoka Kasongo.

Niliamshwa asubuhi na sauti ya Koko. Ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa na hasira.

"Nani ameiba chungu changu cha maji?"

Baba mkubwa alitoka, akaokota chungu kwenye matope, akaenda nacho kijitoni mwenyewe. Wasichana walewale walimwona, mwanamume mzima na chungu begani, lakini hawakupaza sauti. Aliporudi alimpa mama yake maji ya kunywa, akamshikia kichwa.

Padri na katekista walifika mvua ilipokatika, matope mpaka magotini, baiskeli wameibeba wao. Padri alimkuta Koko ameketi, ameegemea ukuta. Aliambiwa yote na watu watano kwa pamoja, kisha akaniita nje.

"Nieleze wewe. Ulifanya nini? Maji yalikuwa maji kweli? Yalitembea kichwani? Ulisema nini?"

Nilisimama mbele ya ndevu zilezile. Mdomo ulitaka kufungika, ulianza kabisa. Nikagonga paja langu kwa vidole, polepole, nikamweleza jambo moja baada ya jingine, na maneno yale nikayasema kama nilivyoyasema. Padri alisikiliza akiwa ameinama. Nilipomaliza alivua kofia yake, akakaa nayo mkononi.

"Na wewe mwenyewe bado," alisema.

"Bado, Padri."

"Umemfungulia mlango na wewe umebaki nje." Alitikisa kichwa, si kwa kunilaumu. "Njoo Kasongo mapema. Swali lako umeshajibu."

Tuliporudi ndani alimwambia Koko kwamba ubatizo ni wa kweli na hautarudiwa. Kisha akajifanya mkali.

"Lakini, Mama, kuna matata. Sheria ya Kanisa inasema aliyebatiza na aliyebatizwa wamekuwa ndugu wa roho. Hawawezi kuoana."

Koko alifikiri.

"Basi ndoa yangu imevunjika?"

"Imevunjika kabisa."

Alinigeukia, akanitazama kwa macho yake ya ukungu.

"Haya. Kama si mume wangu tena, ni baba yangu. Baba, mutoto wako anataka uji."

Jirani yetu Mwislamu ndiye aliyecheka kuliko wote, mpaka akashika ubavu.

Nilibatizwa baadaye Kasongo, Koko akiwa amesimama nyuma yangu na fimbo yake. Ilikuwa siku nzuri, lakini watu wakiniuliza siku yangu kubwa, nakumbuka birika la bati. Sikugeuka kuwa msemaji. Mpaka leo, nikiitwa mbele ya watu, neno husimama kwenye meno. Ila sasa likisimama halinitishi. Nangoja. Ndani ni kimya, nami nangoja ndani ya ukimya ule, na mara nyingi linatoka.

Koko aliuona mpunga wa mwaka uliofuata. Tuliutwanga pamoja, yeye ameketi na kinu kidogo, ananiita Baba mbele ya wasichana wote. Baada ya mavuno nguvu zilimwisha, bila maumivu, na safari hii sote tulijua. Baba alikuwa amerudi kutoka machimboni. Nyumba ilijaa watu.

Baba mkubwa alichelewa kuingia. Tulidhani hawezi kuvumilia. Kisha tulimwona mlangoni, amekumbatia chungu, maji yamejaa mpaka mdomoni, anatembea polepole asiyamwage. Alikiweka karibu na kichwa cha mama yake.

"Ameshabatizwa, kaka," baba alimwambia kwa sauti ya chini. "Maji hayahitajiki tena."

"Kikae tu," alisema baba mkubwa. "Kikae karibu."

Katekista alitaka kumweleza, akanitazama. Nilitikisa kichwa. Nilikaa chini upande wa pili, nikashika mkono wa Koko, nikaugonga taratibu kwa kidole changu. Tu. Nikamwachia nafasi yake. Tu. Na ndani yangu ukimya ulikuwa umekaa palepale, kama mgeni ambaye hana haraka ya kuondoka.